Aliyeuza Mchezo

Courant ya umeme ilikuwa imekatika Dilala nzima tangu asubuhi, na bado televisheni ya Zéphirin ilikuwa inapumua. Simone aliisikia akiwa jikoni: pumzi nzito, pamoja na harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa ya shimo. Alikuwa amechoka hata kuogopa. Akaendelea kutwanga majani ya sombe.

Wiki ya tatu sasa mume wake, Zéphirin, haendi machimboni. Ameketi mbele ya kioo cheusi, manette ya kuchezea michezo mkononi, hali, halali. Akiendelea hivi atakufa, na Simone alichotaka ni mume wake tu, basi. Michezo ya zamani ilikuwa na sidii: ukichoka unaitoa, unamwazima jirani, yamekwisha. Huu wa vita Simone ndiye aliyemnunulia kwa simu, siku ya kuzaliwa kwake, ukaingia mashineni bila mtu kuushika. Pasta wa kanisa lao alichoma sidii zote nyuma ya nyumba. Zéphirin hakupepesa hata jicho.

Ndipo mdogo wa Simone, Jocelyne, akamletea Mwalimu Shomari, mtu wa Tanga aliyefika Kolwezi na malori ya shaba akabaki.

"Pasta asijue, yaya," Jocelyne alimnong'oneza dada yake.

Mwalimu akatandika mkeka, akafukiza ubani. Kuta zikaanza kutoa jasho.

"Jini huyu anamfuata mwenye mali," alisema. "Mchezo wenyewe uko wapi?"

"Haiko na sidii, tata," Simone alijibu. "Iko mu internet."

"Basi ni wa nani?"

"Njo mi niliuzaka."

"Uliuuza? Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, tata. Na telefone yangu."

Jamani, neno moja tu! Kolwezi, anayetoa pesa akachukua kitu ndiye anayeuza. Mwenye duka yeye anauzisha. Mtu wa Tanga alisikia kinyume chake: kwamba mama huyu ameshauachilia mchezo, na mnunuzi yuko huko mbali, mtu asiyemjua. Nani angemsahihisha?

Akainuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha Zéphirin, na ile pumzi ikapanda, ikajaa chumba, ikatikisa mabati na sufuria na meno ya Jocelyne aliyejikunyata mlangoni, mpaka mwalimu akalazimika kupiga kelele ili asikike: "Mwache huyu! Nenda kwa aliyenunua, ukae naye!"

Simone alilijua neno hilo, kununua, lipo katika Biblia ya kanisani kwao. Alifungua kinywa aseme kwamba aliyenunua ni yeye. Ile pumzi ikamwingia kabla ya neno kutoka.

Kimya. Zéphirin akaiangusha manette, akajipangusa uso.

"Niko na njala," alisema. "Simone, kuko bukari?"

Jocelyne akaangua kilio cha furaha. Mwalimu akakunja mkeka wake.

"Simone? Ni mi, Zéphirin."

Simone alimsikia vizuri sana. Alijiuliza tu mwanamume huyu anayeomba chakula ni nani, kisha hilo nalo likaacha kumsumbua.