Mume Wangu Alikata Kicheko, Kaka Yangu Akauawa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, ni mama wa mtoto mmoja, na naishi Mtawanya hapa Mtwara. Niiteni Somoe. Jirani akiwasha redio, mimi huingia ndani nikafunga dirisha. Nisikilizeni, kisha mniambie kama ninakosea...

Nilikuwa mtangazaji wa kituo kidogo cha redio. Mume wangu, Baraka, mtu wa bara, alikuwa mhariri wa sauti palepale. Tulipendana... au nilipenda mimi peke yangu, sijui tena. Kaka yangu wa pekee, Selemani, alilima korosho Mahurunga. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufa.

Wakati ule kijiji cha kaka na kijiji jirani vilikuwa vinagombea mpaka wa mashamba. Wakubwa wakakataza redio kuligusa jambo hilo. Kituo chetu kilikuwa kimeshapewa onyo la kufungiwa, kwa hiyo sote tulifanya kazi roho mkononi.

Asubuhi moja, kwenye kipindi changu cha salamu, kaka alipiga simu. Issa Chilumba wa kijiji jirani naye akapiga, nikawaunganisha. Issa ni mtani wetu wa ukoo. Nani huku kusini asiyejua utani? Mtani hukutukana hata msibani, nawe ukamshukuru.

Issa akasema mikorosho ya kaka imevuka mpaka kama mbuzi mwizi. Kaka akamjibu, "Vukeni basi ninyi, ntani wangu. Tutawachoma, kisha tutawabangua kama korosho." Wakacheka wote wawili, nami nikacheka mpaka nikashindwa kusoma salamu.

Kumbe kuna mkubwa mmoja, mgeni mkoani, alikuwa anasikiliza, na yeye hakucheka. Aliagiza kituo kiombe radhi hewani na kurusha maneno yale ya uchochezi, ili umma uone kuwa tumeyalaani. Mimi sikuambiwa. Kesho yake nilikuwa nimekwenda Mahurunga kumsaidia kaka kuokota korosho.

Tulikaa shambani tunakula mihogo, redio ndogo ikiwa pembeni, taarifa ya habari ya mchana ikaanza. Nikasikia sauti ya kaka: "Tutawachoma, kisha tutawabangua kama korosho." Basi! Issa hayumo, "ntani wangu" haimo, kicheko hakimo. Wakataja jina lake na kijiji chake. Kaka alibaki anatabasamu, akidhani kicheko kinafuata...

Mkono wa mume wangu niliujua. Nikampigia Baraka, nikamsihi arushe sauti yote, hata mara moja tu. Akasema masahihisho yanahitaji kibali, na mkubwa yuko kikaoni. "Mama Zuhura, wakitufungia tutakula nini? Subiri." Nikamwambia watu watamuua kaka. Akanijibu nisikuze mambo, akakata simu.

Nilimwomba kaka tuondoke. Alikataa. "Ninkimbie ntani wangu? Nimefanya nini?"

Walifika kabla ya alasiri, vijana wa kijiji jirani, na mapanga na marungu. Mmoja alishika simu, maneno yale ya kaka yanarudiwa na kurudiwa. Kaka aliinua mkono ili aeleze, panga likaupitia mkono. Nyumba ikawashwa moto. Walimburuta kwa miguu juu ya korosho tulizookota, wakimpiga mawe kichwani. Nilimng'ata mmoja begani, akanipiga rungu la mdomo, meno yakamwagika. Nilikuwa nalia kwa damu!

Issa alikuja mbio, akapiga kelele kwamba ule ulikuwa utani, kwamba yeye ndiye aliyetaniwa. Mpwa wake mwenyewe alimpasua kichwa. Kaka alikata roho garini, kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Siku ya mazishi Issa alikuja na bandeji. Kama ilivyo desturi ya mtani, aliingia kaburini akalala, kuzuia maiti asizikwe mpaka watu wacheke. Tulisubiri atukane, aseme hata neno moja... Alilala palepale akilia mpaka wakamtoa kwa kumbeba.

Masahihisho yalisomwa wiki iliyofuata, kwa sentensi moja, baada ya habari za mpira. Kicheko hakikuwekwa. Nilimuuliza Baraka kwa nini alikikata. Wala hakuona haya. "Niliagizwa nitoe sehemu yenye uchochezi tu," alisema. "Kicheko hakikuwa na uchochezi."

Nililala na mtu wa namna hii miaka yote ile? Nilimchukua Zuhura nikaondoka. Wapo ndugu wanaosema nimrudie kwa sababu ya mtoto, eti mume wangu alitumwa. Na wale vijana nao, si walisema redio ndiyo iliyowatuma? Mkubwa amehamishwa, Baraka bado yuko kazini, na mimi nina kaburi.

Ndugu zangu, msishike panga kwa sababu ya sauti iliyokatwa. Ukisikia mtu anatishia kuua, uliza kwanza alikuwa anaongea na nani na aliyeambiwa alijibu nini. Nanyi mnaokaa kwenye mitambo, ukiagizwa kukata maneno ya mtu, kumbuka ana nyumba, na watu wanaijua njia ya kufika kwake. Kaka yangu alikuwa anacheka. Mimi nilikuwapo, nilimsikia.