Maua ya Tarumbeta Nyuma ya Banda

Kila Jumamosi asubuhi Dominika alishuka tambarare pamoja na wanawake wa Marangu kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kushuka kulikuwa rahisi, watu wakipiga soga njia nzima. Kupanda na mzigo kichwani ndiko kulikokuwa na kazi. Lakini kule mlimani vihamba vyote, yaani mashamba ya nyumbani, vilijaa migomba na kahawa, hapakuwa na mahali pa kuchungia, kwa hiyo ng'ombe alikaa bandani akaletewa chakula.

Ng'ombe aliyelishwa na Dominika hakuwa wa kwao. Alikuwa wa Mzee Kornel, ambaye alimweka kwa Mektrida, mama yake Dominika, amtunzie kama ilivyo desturi. Mektrida alipata maziwa na samadi. Ndama wawili wa kwanza walikwenda kwa mwenyewe, na wa tatu angekuwa wake. Mwaka ule wa 1952 ng'ombe alikuwa na mimba ya tatu. Baba alikuwa Tanga kwenye kazi ya reli, na barua zake zilikuwa zimeadimika.

"Ndama huyu ndiye atakayekupeleka shule ya kati," mama alizoea kumwambia Dominika. "Kwa hiyo mlishe kama unavyojilisha wewe."

Baba yake mdogo, Primus, alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja. Mwaka uliotangulia alileta vijiti viwili vya mti wa maua, na Dominika akavipanda, kimoja langoni na kingine nyuma ya banda.

"Vitatoa maua meupe, marefu kama tarumbeta, yanayotazama chini," Primus alimwambia. "Yanapendeza, lakini mti mzima ni sumu. Usiutie mdomoni, wala usimpe mnyama."

Vijiti vilishika, vikawa miti mirefu kumpita Dominika mwenyewe. Kisha ikaja Jumamosi moja ya manyunyu. Mama alikwenda sokoni na ndizi zake. Wanawake walipompitia, Dominika alijikunyata mlangoni, akasema ana homa. Homa yenyewe iliondoka mara tu walipopinda kona.

Langoni, maua ya kwanza yalikuwa yamefunguka, meupe pe! Dominika akafurahi. Alipozunguka nyuma ya banda, ambako hakupita tangu Jumatano, akakuta mti wa pili nao umechanua, lakini maua yake yalikuwa ya rangi ya waridi.

"Kumbe huu ni mti mwingine," alijiambia. "Baba mdogo alisema meupe."

Majani ya miti ile miwili yalifanana, na yeye aliona kwamba yanafanana. Hata hivyo alikuwa na uvivu, na mvivu hakosi sababu. Alichukua panga, akakata matawi, akayakatakata pamoja na vipande vya mgomba vilivyoletwa asubuhi ile na jirani yao Esther. Esther alikuwa mjane asiye na mtoto. Alizoea kuwaletea migomba, nao wakampa samadi. Ng'ombe alikuwa na njaa, akala.

Mchana ng'ombe akaanza kuyumba. Hakucheua, na mdomo wake ulikuwa mkavu. Mama aliporudi alipiga yowe, akaagiza Primus aitwe. Primus aliyatazama macho ya ng'ombe, mboni zimetanuka, kisha akamgeukia Dominika.

"Hukumpa yale maua?"

"Hapana, baba mdogo. Meupe sikuyagusa kabisa."

"Amekula nini?" mama aliuliza huku analia.

"Migomba ya mama Esther," Dominika alijibu.

Jioni ng'ombe akafa, na ndama tumboni. Walimfukia nyama na ngozi, kwa kuogopa sumu. Mama, kwa uchungu wake, akasema neno ambalo asingelisema siku nyingine: "Esther hana mtoto wala ng'ombe. Kijicho kimemfanya amtilie dawa ng'ombe wangu."

Neno lile lilizunguka Marangu kabla ya misa ya Jumapili kwisha. Esther alipokwenda kuchota maji kwenye mfongo, wanawake waliyaondoa madebe yao mferejini wasichanganye maji naye. Hakuna aliyemsalimu. Dominika alikuwepo. Akainamisha kichwa, akajifanya anasugua kata yake.

Siku hiyohiyo Primus alikuja langoni na uzi mwekundu. Akaufunga kwenye kikonyo cha ua lililofunguka usiku uliopita.

"Liangalie ua hili kila siku," alimwambia Dominika. "Jumatano nitakuja uniambie ulichoona."

Jumatatu ua lilikuwa limegeuka rangi ya krimu. Jumanne likaanza kuingia waridi pembeni. Jumatano asubuhi lilikuwa la waridi tupu, na uzi mwekundu ungali pale pale. Dominika akaelewa. Hapakuwa na mti mwingine. Siku tatu zile Esther alikuwa akitemewa mate, na Dominika alikuwa nyumbani akila, akilala, akitazama ua.

Primus akafika kama alivyoahidi. Dominika akamwaga yote, homa ya uongo, panga, matawi. Mama alisikia akiwa mlangoni. Hakumpiga. Alikaa chini kwenye vumbi, na hilo lilimuumiza Dominika kuliko fimbo.

"Nimemwita mwenzangu mchawi," mama alisema. "Nimemwita mchawi kwa mdomo wangu!"

Walianza kwa Mzee Kornel. Alisikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa kusema kweli. "Lakini ng'ombe mwingine siwezi kuwapa," alisema. Basi shule ya kati ikaishia hapo, na Dominika hakuwa na wa kumlaumu.

Kisha mama akachuma jani la sale, ambalo Wachagga hulipeleka kwa yule waliyemkosea, wakaenda mfongoni wakati wanawake wamejaa. Mbele yao wote Dominika alimpigia Esther magoti, akamnyoshea jani.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyemuua ng'ombe. Wewe huna kosa."

Wanawake wakatazamana. Esther alilipokea jani, kwa sababu sale haikataliwi.

"Marahaba. Nimesamehe," alisema. "Ng'ombe ulimuua kwa uvivu, na watoto huwa wavivu. Lakini ulinitazama siku tatu nikitengwa, ukanyamaza. Kosa la panga ulilifanya mara moja. Hili la kunyamaza ulilifanya kila ulipoamka. Ukikosea tena, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."

"Nimesikia, mama," Dominika alisema, machozi yakimtiririka.

Esther akajaza debe lake. Wanawake wawili waliokuwa wakimkimbia wakaja haraka kumtwika.

"Acheni tu," aliwaambia kwa upole. "Wiki hii nimejifunza kujitwika mwenyewe."

Akaliinua debe mpaka gotini, kisha kichwani, akapanda kwenda kwake peke yake.