Bega la Dobi

Kila Jumamosi, saa nne kasoro robo, Mjomba alikaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akimsubiri Chiriku amfunge kamba. Alikuwa na miaka thelathini na sita na mvi mbili tatu, lakini akili yake ilijifunza polepole. Chiriku, mpwa wake wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyempeleka kwenye ukumbi ulio nyuma ya karakana ya seremala, ambako watu wazima wenye hali kama yake walicheza ngoma.

Jumamosi moja rafiki wa Chiriku wa darasani alimwita kutoka barabarani. "Chiriku, twende zetu! Au unampeleka kwa wale wanaocheza kama kuku walevi?"

Uso ulimwiva Chiriku. "Leo hakuna mazoezi, Mjomba," akasema, akachomoka.

Mjomba akavua kiatu.

Aliporudi adhuhuri, Chiriku alimkuta mwalimu wa ngoma ameketi na mama.

"Hatukucheza," mwalimu alisema. "Kwetu mtu haanzi mpaka aguswe bega na mwenzake, na mmoja akikwama wote husimama. Mjomba wako humgusa Dobi, yule mpiga pasi. Leo Dobi amesimama saa nzima, bega tayari. Nikamgusa mimi, akakataa. 'Si wewe,' akaniambia."

"Chiriku alisema hakuna," Mjomba akanong'ona.

Mama hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Mwanangu, umemdanganya mtu anayekuamini kuliko saa ya ukutani. Uongo umeusema wewe, mzigo wameubeba wao. Sasa utautua mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Mjomba hakugusa viatu. "Hakuna," alisema, akageukia ukuta.

Chiriku akapiga magoti. "Mazoezi yapo, Mjomba. Hata siku ile yalikuwepo. Nilikudanganya. Niliona haya kuonekana nawe. Nisamehe."

Chiriku akaanza kulia. Mjomba akageuka, akanyoosha mguu. "Funga. Kaza."

Ukumbini kila mtu alitulia mahali pake. Mjomba akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya bega la Dobi kama anayepokea kitu cha thamani. Dobi akaangua kicheko, akaingia ngomani, na sakafu ikaitika.

Yule rafiki wa Chiriku alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Nimekungoja leo kule kwenye kona mpaka miguu imekufa ganzi! Hebu niombe radhi."

"Niliyemkosea nimeshamwomba," Chiriku akasema. "Wewe sikuombi."