Daktari Alisema Sina Kitu

"Fundi wangu, huyu bibi harusi ana mikono miwili ya kushoto?"

Mume wangu aliuliza hivyo huku amelinyanyua gauni juu, kama mtu anayemnyanyua mtoto kwa makwapa. Alikuwa anatania. Wateja wanamwita Mnyoofu, kwanza kwa urefu wake, pili kwa sababu shati likipita kwenye pasi yake halibaki na mkunjo hata wa kusingizia. Mimi nakata na kushona, yeye anapiga pasi, anapachika vifungo na kuwakabidhi wateja nguo zao. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana, vya nyuma ndiyo nyumba.

Nilitazama. Mikono yote miwili ilielekea upande mmoja. Lesi ile ilikuwa na maua makubwa, hukunji ukakata pamoja. Unakata mkono wa kwanza, unageuza karatasi ya kipimo, ndipo unakata wa pili. Hata anayejifunza anajua. Mimi sikugeuza, na lesi ilikuwa imekwisha.

Zamani ningecheka mpaka nishike ukuta. Asubuhi ile niliketi sakafuni katikati ya vipande vya nguo nikalia.

"Basi, basi," alisema. "Ni mkono tu huo."

"Siyo mkono," nilimjibu.

Baada ya mtoto wetu wa pili tulikubaliana tupumzike kuzaa. Nikawekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi, yeye akiwa nje na mtoto begani. Haikupita muda nikaanza kubadilika. Damu ikawa kama mgeni asiye na haya: inakuja bila hodi, inakaa, na nikidhani imeaga naikuta imerudi. Kichwa kikawa kizito. Mtoto akiniamkia, nalia. Nikiulizwa nalilia nini, nalia tena. Na mkono wa mume wangu, ambao nilikuwa nautafuta hata usingizini, ukawa unanielemea kama gunia.

Nilikwenda kwa daktari. Akaniambia nitazoea. Nilipoona sizoei nikarudi, akanipima presha, akanipima damu, akasema vipimo vyangu ni vya binti mdogo. Niliuliza kama inaweza kuwa ni kijiti. Alicheka kwa upole, na kicheko cha upole ni kigumu kukijibu, akaniuliza kama hayo nimeyasoma kwenye simu. Nikatoka na dawa za maumivu na ushauri wa kupunguza mawazo.

Nyumbani mume wangu aliniuliza daktari kasemaje. Nikamjibu kama nilivyoambiwa: kasema sina kitu.

Maneno hayo niliyaleta mimi mwenyewe, yakaja kulala kitandani katikati yetu. Mume wangu alifikiri kama mtu yeyote angefikiri: kama mwili wa mke wangu hauna kitu, basi kitu chenyewe ni mimi. Hakusema. Alihamisha tu mto wake akaupeleka karakana, akasingizia kwamba anaogopa kuniamsha kwa kukoroma. Mtu huyo ananikoromea tangu usiku wa harusi, na sijawahi kumshtaki.

Wifi yangu naye akapata la kusema. Alikuja siku moja akaketi na kaka yake karakana, mimi nikiwa jikoni, na sauti hakuipunguza.

"Kaka, mwanamke anayekimbia kitanda chake ana pa kukimbilia."

Mume wangu alimwambia anyamaze. Lakini hakumwambia kwamba ni uongo. Hilo lilinichoma kuliko maneno ya wifi. Nilizima jiko nikaomba palepale, mkono bado kwenye kisu: "Mungu wangu, kama kosa ni langu, nionyeshe. Kama si langu, waonyeshe wao."

Basi asubuhi ile ya gauni mume wangu aliketi mbele yangu, sakafuni, miguu yake mirefu ikakosa pa kwenda. Akatoa simu mfukoni, akafungua ujumbe, akanipa nisome. Ulitoka kiwanda cha sare cha mji mwingine.

"NAFASI YA MPIGA PASI IPO. RIPOTI JUMATATU. MALAZI TUNATOA."

"Unaondoka?" nilimuuliza.

"Nilitaka nikuambie gauni likishachukuliwa."

"Nimekukosea nini?"

Alichukua uzi akaanza kuuzungusha kidoleni. "Hujanikosea. Nakuona tu unavyojikunja nikikugusa. Sitaki uwe mfungwa wangu, mke wangu. Karakana ni yako, watoto nitawatunza. Mimi nikae kule, wewe upumue."

Alisema bila hasira yoyote. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

"Sikukimbii wewe," nilisema. "Naukimbia mwili wangu, na hauna mlango."

"Lakini daktari alisema..."

"Daktari ndiye aliyesema sina kitu. Mimi sijasema. Umemuuliza daktari kupitia kwangu, ila mimi mwenyewe hujaniuliza."

Aliuvuta mkono mmoja wa gauni, akauweka juu ya mwenzake, akaupapasa polepole kama anavyopapasa kola kabla ya pasi.

"Gauni la dada yangu ulilishona una malaria," alisema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Huyu mkubwa wetu alipokuwa anakuja, ulikuwa unashona huku unahema, mpaka nikakunyang'anya mkasi. Na hukukosea hata pindo." Akaniangalia. "Mtu wa hivyo hasahau kugeuza karatasi. Una nini, mke wangu? Niambie wewe."

Nikamwambia. Nilianza na damu, kwa sababu hiyo ndiyo rahisi. Nikamwambia jinsi ninavyofua nguo zangu kwa siri kabla hawajaamka. Nikamwambia kuhusu kichwa, na kuhusu kumpenda mtu moyoni huku ngozi ikimkataa, na jinsi jambo hilo linavyoaibisha. Mwisho nikamwambia lile ambalo hata kwenye sala nilikuwa nalizungukia: kuna asubuhi nimefungua macho nikasikitika kwamba nimeamka.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, alikuwa ameshika mikono yangu yote miwili, na sikuwa nimejikunja.

"Nakuamini," alisema.

Nililia tena, ila safari hii nilijua ninachokililia.

Gauni alikwenda kulieleza yeye mwenyewe kwa bibi harusi. Akarudi na jibu kwamba mikono ikatwe upya iwe mifupi, maana ukumbini kuna joto na mama mkwe anapenda kukumbatia. Kesho yake tukafunga karakana tukaenda kituo cha afya, sote wawili.

Foleni ilikuwa ndefu hadi nje, na tulipoingia daktari alikuwa na uso wa mtu ambaye hajapata hata chai. Alinitambua. Kisha akamgeukia mume wangu, akaanza kumweleza yeye. Akasema mama ana wasiwasi mwingi, ni kawaida kwa wenye watoto wadogo, amsaidie kazi za nyumbani, amtoe matembezi. Alivyokuwa anaongea, ungedhani mimi ni cherehani iliyoletwa kutengenezwa.

Mume wangu alisubiri amalize.

"Daktari, matembezi nitamtoa," alisema. "Lakini unanieleza mimi, na damu inamtoka yeye. Muulize mwenyewe, yuko hapa."

Daktari akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote yakapotea isipokuwa lililokuwa la lazima.

"Nimekuja kutoa kijiti."

Alisema ni mapema mno, wengi wanatulia wakivumilia. Akasema nikitoa, haitachukua muda nitarudi pale nikiwa na mimba.

"Nikirudi na mimba utanipokea," nilimwambia. "Naomba leo unipokee sina mimba. Damu haikatiki, kichwa hakiniachi. Nimekosa raha ya watoto wangu. Nimefika mahali natamani nisiamke. Mara zote nilizokuja hukuniuliza naendeleaje moyoni, na mimi nikaona aibu kukuambia."

Kalamu yake ilisimama. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, muda mrefu kidogo, na nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshazoea tu.

"Hiyo ya kutamani usiamke," aliuliza taratibu, "ilianza kabla ya kijiti au baada?"

"Baada. Kabla sikuwa hivyo. Muulize na huyu."

"Sihitaji kumuuliza yeye," alisema. "Umeshaniambia."

Alinieleza kwamba kwa baadhi ya wanawake kijiti kinaleta damu isiyo na mpangilio na maumivu ya kichwa, na wapo wanaoeleza kwamba hata moyo unazama. Akasema hawezi kuapa kwamba ndicho peke yake, lakini kukitoa ni haki yangu na hakupaswa kunirudisha. Akanitaka nirudi baada ya wiki chache anione, na hali ya moyo ikizidi nisisubiri siku hiyo. Hakuomba msamaha kwa neno hilo lenyewe. Aliinuka akanifungulia mlango wa chumba cha nesi, nami nikaupokea kama msamaha.

Nesi alikuwa mama mtu mzima, mikono myepesi. Alinichoma ganzi, akapasua kidogo, huku ananiongelesha ili nisiangalie.

"Mwenzio alikuja jana kuwekewa hiki hiki kwa mara ya pili, kwake kinakaa kama chake cha kuzaliwa," alisema. "Miili si sare ya shule, mwanangu, wote kuvaa kitu kimoja. Pole kwa kuchelewa kusikilizwa."

Akamwita mume wangu aingie, akatueleza njia nyingine zilizopo, ikiwemo kitanzi kisicho na dawa za homoni. Mimi nilikuwa bado natafakari nilipomsikia mume wangu akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kununua kitu chenye aibu.

"Na zile za wanaume, mama? Hapa zipo?"

"Kondomu zipo tele, baba. Zinasubiri wanaume wa kuziulizia."

"Basi tupatie. Yeye ameshabeba vya kutosha. Zamu yangu sasa."

Nje, chini ya kibaraza, alipiga simu kiwandani. Nilisimama kando na bendeji yangu mkononi, nikasikia upande wake tu. Alishukuru. Alisema nafasi wampe mwingine. Inaonekana waliuliza sababu, kwa sababu alisema: "Mke wangu alikuwa anaumwa, na mimi nilikuwa sijajua. Ndiyo. Sasa najua."

Jioni wifi alipita. Sijui alikuwa amekuja na lipi, kwa sababu mume wangu alimkalisha kabla hajafungua mdomo, akamweleza yote, kisha akasema: "Dada, ile siku ulipomsema mke wangu, nilinyamaza. Leo sinyamazi. Ulilosema si kweli."

Nilitegemea makelele. Wifi aliutazama mkono wangu uliofungwa, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Damu ilikuwa haikatiki?"

"Haikatiki."

"Mimi ilikuwa sindano ya kuzuia mimba." Alishika ncha ya mtandio wake. "Niliambiwa nitazoea. Mume wangu akaona namkwepa, akasema nina mtu. Wenzake wakamwambia mwanamke anayekimbia kitanda chake ana pa kukimbilia. Akaondoka. Sikuwa na mtu, wifi yangu. Haki ya Mungu sikuwa na mtu."

Kumbe maneno aliyonirushia ndiyo yaliyomvunjia nyumba yake. Alikuwa ameyabeba miaka yote hiyo, akayadhani ni hekima. Niliinuka nikamkumbatia kwa mkono mmoja, huo mwingine ukiniuma, na tukakaa hivyo. Kaka yake alikwenda kutuchemshia chai, akasahau majani. Tukanywa maji ya moto yenye sukari, hakuna aliyemwambia.

Nisiwadanganye, haukuwa muujiza wa mara moja. Damu ilipungua kidogo kidogo, ikarudi katika utaratibu wake. Kichwa kilichukua muda. Kuna siku bado nililia, lakini nilikuwa nikiitwa na daktari naulizwa maswali, na nyumbani nilikuwa naulizwa kila jioni, "Leo una nini?" na jibu langu lilipokelewa hata lilipokuwa "sijui." Mume wangu alirudisha mto wake chumbani, akaniambia analala upande wake na hana haraka. Akakoroma. Nilishukuru Mungu kwa kila koromo.

Kisha ikaja Jumamosi moja, wifi amewachukua watoto wakalale kwake. Jua lilikuwa linateremka, mvua nyepesi inagonga bati. Mume wangu alikuwa ameinamia meza, ananyoosha shati la mteja, anaimba pambio la kanisani kwa sauti mbaya kama kawaida yake. Nilimtazama mgongo. Na kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kikanipanda taratibu kutoka miguuni, bila kuitwa, bila kulazimishwa.

Nilikwenda nikamkumbatia kwa nyuma, nikalaza shavu langu mgongoni mwake.

Aliacha kuimba. Hakugeuka, kama mtu anayeogopa kumrusha ndege.

"Unaumwa, mke wangu?"

"Siumwi."

"Una nini?"

"Nina mume."

Alinyoosha mkono wake mrefu, akachomoa pasi, na shati la mteja likabaki pale mezani, limenyooka upande mmoja.