Waya wa Tisa

Yaliyompata Getruda, jirani yetu wa Igoma, yalimpata mchana kweupe, siku ya Jumatano, jua likiwaka na barabara ya Musoma imejaa magari. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia habari hizi hudhani ni mambo ya usiku. Hapana. Ilikuwa saa nne, watu wanakunywa chai.

Getruda alikuwa fundi wa umeme wa pikipiki. Hakuanzia huko. Zamani alikuwa mshonaji wa sare za shule, na fundi wa pikipiki alikuwa mumewe, Revocatus. Miaka miwili kabla ya Jumatano hiyo, Revocatus alikufa maji. Alikuwa ziwani na rafiki yake Luhende, fundi mwenzake. Luhende alirudi peke yake, nguo zimemganda mwilini, akasimulia huku analia jinsi mwenzake alivyoteleza kwenye mawe, na jinsi pikipiki ya Revocatus waliyokwenda nayo ilivyoibwa wakati yeye anahangaika kuita watu. Mwili ulipatikana siku ya tatu. Pikipiki haikuonekana tena.

Baada ya arobaini, Luhende alikuja kwa mjane akaketi mlangoni.

"Shemeji, wewe umezoea sindano," alisema. "Waya hautakushinda. Njoo nikufundishe kazi ya mumeo."

Na kweli akamfundisha. Kuchuna waya bila kujeruhi nyuzi zake za shaba. Kusokota, kuyeyusha risasi, kuvika mpira. Getruda akikosea, Luhende hakufoka hata mara moja, alifungua na kumwambia, "Rudia taratibu, shemeji." Mwanamke huyu alipoweza kusimama kwa miguu yake, akawa anamwombea Luhende kila Jumapili, kwa jina.

Jumatano hiyo Luhende alifika akisukuma pikipiki iliyopakwa rangi nyeusi, mpya, bado inanuka.

"Mwangaluka, shemeji," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umeniletea kazi au umbea?"

"Kazi." Hakucheka. "Kuna mteja anataka usukani wa pembe. Mimi nafunga usukani, wewe unarefusha nyaya. Ila uziunge mwenyewe, kwa mkono wako. Zote."

Usukani wenyewe ulikuwa mrefu, unang'aa, umepanda juu kama pembe za ng'ombe. Luhende alifungua ule wa zamani, akakaza huu, akaweka kebo ndefu ya klachi na mpira mrefu wa breki. Betri waliichomoa na kuiweka mezani, kama inavyotakiwa. Ikabaki kazi ya Getruda. Nyaya za swichi zilipungua shibiri moja na nusu. Zilikuwa tisa.

Alivuta kigoda, akaanza. Anakata, anaongeza kipande, anaunga, anavika mpira. Kila kiungo alikiweka mahali pake ili visikutane vikagusana. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Luhende alikuwa amesimama kando yake, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu.

Waya wa nne ulikuwa umelowa.

Getruda aliufuta kwa kitambaa. Ukalowa tena. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mpira wake, tone baada ya tone, yakinuka matete na matope.

"Imeoshwa asubuhi," Luhende alisema kabla hajaulizwa.

Akaunga wa tano. Wa sita. Vidole vikaanza kufa ganzi, na ubaridi ukampanda hadi viwikoni, jua la Mwanza likiwa palepale mgongoni. Wa saba. Alipomaliza wa nane, taa ya mbele iliwaka. Iliwaka hafifu, ya manjano, kama inayotazamwa kutoka chini ya maji.

Getruda aligeuka. Betri ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka pale.

"Luhende," alinong'ona. "Betri ile pale."

"Malizia, shemeji. Umebaki mmoja."

Ili kuupata wa tisa ilibidi aingize mkono nyuma ya taa. Huko vidole vyake vikagusa kiungo cha zamani, kilichofungwa tepu iliyokauka. Akakivuta nje, akabandua tepu. Chini yake kulikuwa na uzi wa njano, umezungushwa kwa kubana sana.

Aliujua uzi ule. Ulikuwa wa beji za sare za shule. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mtindo wa kufunga viungo kwa uzi kabla ya tepu, na uzi huo alikuwa akiuiba kwenye cherehani ya mkewe, kwa pikipiki yake mwenyewe tu. Waligombana sana kwa ajili ya uzi huo, ugomvi wa kucheka.

"Hii pikipiki ni ya Revo."

Luhende alitupa jicho barabarani, kama kuna anayesikia.

"Ulisema iliibwa."

Luhende alichuchumaa chini, karibu kabisa na sikio lake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliambiwa na mganga nimtoe kafara mtu ninayempenda, mambo yangu yafunguke. Sikuwa na mwingine."

Barabarani magari yalipita. Mtu alicheka mahali fulani.

"Nilidhani yameisha," Luhende aliendelea. "Lakini nikiiuza, asubuhi naikuta mlangoni. Nikiitupa, naikuta mlangoni. Mganga akasema Revo atatulia akifungwa na mkono wa mke wake. Nyaya tisa. Na wewe ulikuwa hujui waya, shemeji. Ikabidi nikufundishe."

Getruda anasema hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Kifo alikuwa ameshakilia. Lakini ile miaka miwili! Kila "rudia taratibu." Kila "vizuri, shemeji." Uvumilivu wote ule, mtu alikuwa anaandaa mkono wake kama anayenoa kisu.

"Nikishaunga wa tisa," aliuliza, "mimi nakuwaje?"

Luhende alitazama miguu yake.

Getruda akachukua plaizi. Akakata waya wa nane. Akakata wa saba.

"Usikate! Shemeji, usikate!"

Wa sita. Wa tano. Luhende alimrukia, lakini mkono wake ulisimama hewani. Usukani ulikuwa umegeuka.

Hakuna aliyeugusa. Uligeuka kushoto polepole, mpaka mwisho. Ukagota. Ukageuka kulia, mpaka mwisho. Ukagota. Ndivyo fundi anavyoujaribu, kuona kama nyaya zinavutika. Kisha ukarudi katikati, ukasimama, taa ikimwelekea Luhende.

Getruda alikata zote zilizobaki. Taa haikuzimika.

Honi ikalia. Ililia kama mtu anayetapika maji.

Luhende aliushika usukani kwa mikono miwili, autulize. Mikono haikutoka tena. Alivuta. Akaweka mguu kwenye tenki, akavuta kwa nguvu zote.

"Shemeji," alisema taratibu, kama mtoto. "Nitoe."

Injini ikanguruma. Hakuna aliyepiga kiki. Pikipiki ikatoka, naye akikimbia pembeni, kisha akiburuzwa, kisha amepanda, hajui amepandaje. Ikashika barabara. Getruda alibaki kwenye kigoda, plaizi mkononi. Hakumwita mtu. Alisikia mlio ukipungua, ukipungua, mpaka hakuna.

Wavuvi waliiona jioni. Ilikuwa imesimama yenyewe ndani ya ziwa, maji yameishia kwenye ekseli, usukani umenyooka. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika. Luhende hajaonekana mpaka leo.

Dorcas, anayeuza chai ng'ambo ya barabara, ndiye aliyekwenda kumchukua Getruda pale kwenye kigoda. Alipomsaidia kuvua ovaroli ndipo akashtuka.

"Nani alikuwa amekushika?"

"Hakuna aliyenishika."

Mgongoni, kwenye mabega, kulikuwa na alama mbili za viganja, za tope jeusi la ziwani, bado mbichi. Vidole vilielekea mbele, kama vya mtu aliyesimama nyuma yake wakati wote anaunga. Luhende alikuwa kando, si nyuma. Na mikono yake ilikuwa mikavu.

Waliifua ile ovaroli kwa sabuni, wakaifua kwa dawa ya madoa, wakaianika juani wiki nzima. Alama hazikutoka. Siku moja Getruda aliitandaza kitandani, akalaza viganja vyake juu ya zile alama, kimoja kimoja, apate kujua kipi ni cha kulia na kipi cha kushoto.

Vyote viwili ni vya mkono wa kushoto. Revo hakuwa amesimama pale peke yake.