Watu Walio Chini ya Miti

Kila asubuhi Bi Vernell alipika uji mzito wa mahindi, akala, kisha akakaa dirishani. Nyumba aliyoishi na mwanawe, Thaddeus, ilikuwa nzuri, yenye ua mpana, katika kitongoji cha mbali cha Atlanta. Lakini kisukari kilikuwa kimeutia ganzi mguu wake wa kulia, na daktari alimkataza kuendesha gari. Thaddeus alishinda kazini. Bila gari, Bi Vernell hakuweza kufika dukani wala kanisani.

Siku moja aliamua kwenda dukani kwa miguu. Barabara ile haikuwa na njia ya waendao kwa miguu. Gari lilimpita karibu mno, akaangukia mtaroni. Aliyemwokota ni jirani yao, Corliss.

Kazi ya Corliss ilikuwa kupanga njia za mabasi. Thaddeus alimlalamikia: mji mkubwa hivi, mbona basi halifiki kwetu? Corliss hakubishana. Jumamosi aliwapeleka, kwa kigari kinachoning'inia kwenye kamba, kileleni mwa mlima wa jiwe, mashariki ya mji.

Bi Vernell alitazama chini. Ilikuwa miti mitupu hadi upeo wa macho, na maghorofa machache kwa mbali.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Chini ya miti hiyo, Mama, majumbani mwao," Corliss akajibu. "Mamilioni. Tuko wengi, ila tumetawanyika. Basi likizunguka kwetu kutwa, litapata abiria wawili."

Akawaeleza msongamano wa watu. Huo si idadi ya watu wa mji mzima, bali ni wangapi wanaishi katika kila maili moja ya mraba. Los Angeles na vitongoji vyake ina watu zaidi ya mara mbili ya Atlanta na vitongoji vyake, tena kwenye ardhi ndogo zaidi.

"Na New York je?" Thaddeus akauliza. "Si ndiyo ya kwanza?"

"Katikati yake, ndiyo. Ukijumlisha vitongoji vyote, Los Angeles imebanana zaidi."

Thaddeus alidhani anataniwa. Bi Vernell hakuweza kuondoa macho pale chini.

Corliss akasema hata Atlanta ina mitaa ya zamani ambako nyumba zimekaribiana, maduka yapo jirani na basi hupita mara kwa mara. Kabla ya baridi kuanza, mama na mwana walihamia huko, nyumba ya chini katika jengo la ghorofa. Ua hawakuwa nao. Wiki ya kwanza Bi Vernell alinung'unikia redio ya jirani.

Jumapili moja Thaddeus aliamka ampeleke mama kanisani, akakuta kitanda kimeshatandikwa. Alimkuta kanisani, amebanwa katikati ya wanawake ambao Thaddeus hakuwajua.

"Umechelewa, mwanangu," akamwambia. "Kaa nyuma. Hapa pamejaa."