Ukuta wa Chumba cha Kaskazini

Asubuhi ile wanafunzi walifika kazini kama kawaida, wakavaa ovaroli, wakachekecha mchanga na kukoroga chokaa iliyokuwa imelowekwa mapipani tangu mwezi uliopita. Nyumba ilikuwa kuukuu, ya ghorofa mbili, nayo ndiyo iliyokuwa darasa lao: humo walifundishwa kukarabati majengo ya kale kwa vifaa vilevile vilivyoyajenga. Mwanamke miongoni mwao alikuwa mmoja tu, mjane waliyemwita Kidevu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameinamisha uso.

Kidevu alikihitaji cheti cha darasa lile kuliko wote. Shemeji yake, aliyempa chumba cha uani tangu afiwe, alikuwa amemcheka mbele ya watoto, eti mwanamke na plasta wapi na wapi, kisha akamtaka ahame mwisho wa mwezi. Ijumaa angekuja mkaguzi wa manispaa. Akikuta ukuta hata mmoja haushiki plasta, nyumba ingebomolewa na darasa lingefungwa.

Na ukuta huo ulikuwapo, katika chumba cha kaskazini. Kila jioni waliuacha umenyooka kama karatasi. Kila asubuhi plasta waliikuta sakafuni. Haikuwa imeporomoka ovyo. Ilikuwa imekusanywa katikati ya chumba, fungu moja, kama tonge lililotemwa.

Jumatano seremala aliyekuwa akirekebisha dirisha la chumba hicho alijinyoosha chini ya ukuta ule baada ya chakula cha mchana. Walimkuta ameketi, macho wazi, kinywa kimejaa chokaa mbichi hadi kooni. Walimsafisha, akapona. Sauti haikurudi.

Kesho yake mwalimu wao, waliyemwita Fundi Mkuu, aliwakusanya uani akawaambia kwa sauti ya chini kwamba chumba kile kifungwe, na yeye angejua la kumwambia mkaguzi.

"Kikifungwa, nyumba imekwenda," alisema Kidevu.

"Binti yangu, nyumba hii ina wenyewe."

"Wenyewe ni sisi tunaoitengeneza, mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ukuta wa chokaa hupumua. Sasa mbona umeuziba?"

Fundi Mkuu akatazama viatu vyake. Kwa kumwogopa mkaguzi, alikuwa amechanganya saruji katika tabaka la chini ili likauke upesi, jambo alilowakataza siku ya kwanza kabisa. Alidhani hakuna aliyeuona ule ukijivu wa saruji. Kidevu aliuona, na sasa alichukua nyundo na patasi, akapanda ngazi peke yake. Hakuna aliyemfuata.

Jua la mchana lilikuwa limejaa chumbani. Akabandua saruji kipande baada ya kipande. Chini yake mawe yalikuwa yanavuja maji, kama mtu anayetokwa jasho. Kipande cha mwisho kikaanguka.

Ukuta ukavuta pumzi.

Pumzi ndefu. Vumbi la sakafuni likatambaa kuelekea ukutani. Likasimama. Kisha pumzi ikatoka, baridi, yenye harufu ya kinywa kilichofumbwa miaka mingi.

"Toka."

Mnong'ono ulikuwa sikioni mwake. Nyundo ikamponyoka. Akaiokota.

"Nitoke niende wapi?" akanong'ona naye. "Kwa shemeji? Kama unajua kupiga plasta, shika mwiko. Kama hujui, nipishe nifanye kazi."

Akanyunyiza maji. Akapiga chokaa na mchanga, bila saruji. Kila alipokandamiza mwiko, kitu kilikandamiza kutoka upande wa pili. Akakandamiza zaidi. Akautukana ukuta ule matusi ambayo hata marehemu mumewe hakuwahi kuyasikia kwake. Mkono ukafa ganzi. Akahamishia mwiko mkono wa pili. Hakutoka mpaka ukuta wote ulipofunikwa.

Ijumaa plasta ilikuwa imeshika. Mkaguzi aliipapasa, akauliza mbona bado mbichi. Kidevu alimjibu kwamba hilo ni tabaka la kwanza, la pili lina siku yake, na chokaa haikimbizwi kwa ajili ya mtu. Mkaguzi alimtazama, akatia sahihi.

Leo Kidevu ana cheti na chumba chake mwenyewe, na ndiye anayefundisha katika nyumba ile. Ukuta wa kaskazini umekauka, mweupe, isipokuwa mahali pamoja, usawa wa kifua. Hapo pana kiganja. Hakikubonyezwa; kimetokeza nje, vidole vitano na mistari yake, kibichi hadi leo. Wanafunzi wapya huomba wakikwangue, naye huwakatalia.

Kila asubuhi, kabla ya somo, huweka kiganja chake juu ya kile na kukisukuma kirudi ndani. Kinarudi kidogo. Kina joto.